Kombe la Kompyuta

Nilipopewa kazi ya kuchora chati za mavuno ya karafuu ili zibandikwe ukutani katika mkutano wa wakulima huko Wete, niliapa kwamba sitazigusa zile rangi zinazokuja zenyewe ndani ya programu, ambazo huwezi kujua kama zinaeleza karafuu za Pemba au viazi vya Ulaya. Nilitaka rangi tano za kwetu: kijani cha karafuu changa mtini, wekundu wake inapokuwa tayari kuchumwa, hudhurungi yake ikishaanikwa juani, weusi wa kisutu, ile kanga ya bibi harusi, na zafarani. Sharti la kazi lilikuwa moja, nalo nililipitia juu juu: kila mtazamaji aweze kuitofautisha mistari, hata mwenye upofu wa rangi. Nilikuwa nimesoma kwamba upofu huo humpata takriban mwanamume mmoja kati ya 12 wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, nikajisemea kwamba basi hilo ni jambo la Ulaya ya Kaskazini.

Ili nipige picha za rangi halisi, nilisubiri mke wangu atoke kwenda kazini, nikafungua sanduku lake na kukitoa kisutu chake cha harusi. (Msomaji aliyeoa ameshaliona kosa la kwanza.) Nikakitandaza sakafuni, nikapanga juu yake vichungu vya karafuu mbichi na kavu, kisha nikaroweka zafarani katika sahani nyeupe na kuweka brashi ndogo pembeni. Nilikuwa nimepiga magoti, nimeinamia simu, mlango ulipopigwa hodi. Mama mkwe alikuwa ameshuka melini kutoka Pemba bila ya taarifa.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alikitazama kisutu, akazitazama karafuu, macho yake yakatua kwenye sahani ya zafarani.

"Nani anaumwa humu ndani?"

"Hakuna mgonjwa, mama. Natafuta rangi."

"Usinifiche, mwanangu. Kombe nalijua tangu utotoni." Alidhani ni ile dawa ya aya za Kurani zinazoandikwa kwa zafarani sahanini, zikaoshwa kwa maji na mgonjwa akayanywa. Akaiinua sahani, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Lakini hili kakuandikia nani, mbona sioni hata herufi moja? Zafarani imezimuliwa mno, juu ya weupe haionekani."

Kabla sijapata neno la kumjibu, alisema "Bismillahi" na kuinywa yote, maana safari ya baharini ilikuwa imemwachia kikohozi. Rangi yangu ya tano ikashukia tumboni mwa mkwe wangu kabla sijaipiga picha.

Hizo nyingine nne nilizipata, na ile ya tano niliikadiria kwa kumbukumbu. Jioni shemeji yangu alipokuja kumsalimu mama yake, nilimwonesha chati kwa fahari: Wete kijani, Chake Chake nyekundu, Mkoani hudhurungi, Micheweni zafarani, na jumla ya Pemba nzima nyeusi. Shemeji huyu kwao amekatazwa kununua tungule (nyanya) kwa sababu hurudi na mbichi kikapu kizima, na sote siku zote tulidhani ni uvivu wa kuchagua.

Aliitazama kwa utulivu. "Nzuri," alisema. "Ila umeichora wilaya moja mara tatu, na Micheweni hukuitia kabisa."

Niliigeuza picha iwe ya kijivu, na kweli, kijani, wekundu na hudhurungi vikawa jivu la jiko moja, kwa kuwa nilikuwa nimevichagua kwa majina yake matamu bila ya kupima ung'avu wake. Zafarani nayo nikaipima: miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, yaani ya kuzifanya zitumike na kila mtu, inautaka mstari wa chati utofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 3 kwa 1, na wangu juu ya weupe haukufika hata 2. Mama mkwe alikuwa ameniambia jambo hilo hilo asubuhi, bila ya kipimo chochote.

Nikafanya kosa la mwisho la siku ile kwa kueleza, mbele yake, kwamba upofu wa nyekundu na kijani mtoto wa kiume huurithi kutoka kwa mama.

"Ubovu wa macho ya mwanangu umetoka kwangu," alisema. "Na ubovu wa chati yako umetoka kwa nani?"

Nilianza upya usiku ule. Nilifuata mfano wa Wajapani Masataka Okabe na Kei Ito, waliopanga rangi nane zinazotofautika hata kwa wenye upofu huo. Kijani nikakiacha, nikachukua buluu ya mkondo wa Pemba, nikaikoleza zafarani hadi ikawa chungwa, mistari mingine nikaikatakata, na jina la kila wilaya nikaliandika kwenye ncha ya mstari wake. Shemeji aliisoma yote bila ya kukwama. Kisutu nilikuwa nimekirudisha sandukuni, lakini harufu ya karafuu ilinisaliti, na hayo ni mazungumzo ya watu wawili.

Mama mkwe alirudi Pemba baada ya wiki moja, kikohozi kimekwisha. Sasa hupiga simu kuuliza iwapo nimepata kazi nyingine ya chati, kwa sababu majirani zake wawili wanalitaka lile kombe la kompyuta.