Mshauri wa Shule Akipanda Cheo: Je, Shahada ya Juu Inahitajika?

Mshauri nasaha mwenye shahada ya uzamili ameandaliwa kumsikiliza mtoto aliyefiwa, kumwongoza anayechagua masomo na kumtambua anayeteswa nyumbani. Akikabidhiwa idara ya ushauri ya wilaya nzima, kazi inabadilika: asimamie washauri wenzake, atetee bajeti, asome takwimu za utoro, awazuie wakuu wa shule kuwageuza washauri makarani wa mitihani. Uzamili haukumwandaa vya kutosha kwa hayo.

Hiyo ndiyo hoja ya wanaotetea masomo ya juu. Nchini Marekani, programu za uzamivu zenye ithibati ya CACREP, chombo kinachokagua ubora wa mafunzo ya ushauri nasaha, hujengwa juu ya maeneo matano: ushauri wenyewe, usimamizi wa washauri, ufundishaji, utafiti, na uongozi pamoja na utetezi. Kwangu mimi, usimamizi ndio wenye uzito zaidi. Mshauri mchanga aliyempokea mwanafunzi anayetaka kujiua anahitaji mtu wa kumuuliza ameona dalili gani, amemjulisha nani, na yeye mwenyewe analala vipi usiku. Mkuu wa shule, hata awe hodari namna gani, mara nyingi hakusomea hilo; humkagua mshauri kama anavyomkagua mwalimu wa hesabu.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. ASCA, chama cha washauri wa shule wa Marekani, kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na wastani wa nchi hiyo bado haujafika hapo. Kila mshauri mzoefu anayehamia ofisini huacha nyuma watoto waliomzoea. Uzamivu pia hula miaka na ada, na mara nyingi anayeshindwa kumudu ni yule aliyekulia katika shida zilezile za wanafunzi wake. Uongozi ukimkosa huyo, umepoteza mengi.

Wengine huongeza kwamba mwongozo wa kitaifa wa ASCA, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2003, unahesabu uongozi kuwa sehemu ya kazi ya kila mshauri, basi shahada nyingine ya nini? Hapa sikubaliani nao kikamilifu. Kuongoza mpango wa shule yako ni kazi moja. Kubeba dhamana ya maamuzi ya washauri wengine ni nyingine kabisa.

Naegemea njia ya kati: masomo mafupi baada ya uzamili, kama shahada ya mtaalamu wa elimu inayotolewa Marekani, yenye saa nyingi za kusimamia washauri halisi chini ya msimamizi mzoefu. Uzamivu ubaki kwa wanaotaka kufundisha vyuoni na kufanya utafiti. Mwajiri naye aandike katika mkataba kwamba kiongozi huyo ataendelea kuonana na wanafunzi kila wiki, na kwamba nafasi aliyoiacha shuleni itajazwa kabla hajaondoka.