Mlango wa Nora na bei ya tiketi

Desemba 21, 1879, katika Ukumbi wa Kifalme wa Copenhagen, Nora alimwacha mume na watoto watatu, akatoka na kuufunga mlango. Ndivyo inavyoisha Et dukkehjem (Nyumba ya Mwanasesere), tamthilia ya Mnorwei Henrik Ibsen ambayo wengi huihesabu miongoni mwa misingi ya maigizo ya kisasa ya Magharibi. Tangu hapo watu wanabishana: jukwaa liliibadili jamii, au jamii ilitazama tu ikarudi nyumbani vilevile?

Wanaolitetea jukwaa wana la kushika. Kosa la Nora ni kughushi sahihi ya baba yake apate mkopo wa kumpeleka mumewe mgonjwa Italia, kwa kuwa mke hakuruhusiwa kukopa bila idhini ya mume. Watu walioizoea sheria hiyo sasa walimwona inayemuumiza. Nakala 8,000 za kwanza za kitabu ziliisha ndani ya mwezi mmoja. Mwaka 1884 Ibsen mwenyewe alitia sahihi ombi kwa bunge la Norwei kuhusu mali za wanawake walioolewa, na mwaka 1888 sheria ikawapa haki ya kuzisimamia.

Lakini ukumbini walikuwa nani? Wenye nafasi zao, na walijua kujikinga. Ujerumani, mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe aliukataa mwisho ule, akisema yeye asingewaacha wanawe. Kwa kuhofia wengine wangeuharibu mchezo wake kwa kuubadili, Ibsen akaandika kwa mkono wake mwisho ambao Nora anaishiwa nguvu mlangoni mwa chumba cha watoto, asiondoke.

Mimi anayeniuma zaidi ni Anne-Marie, yaya wa nyumba ile. Yeye alimtoa mwanawe kwa watu baki ili apate kazi ya kumlea Nora. Anaulizwa aliwezaje, anajibu kwa maneno machache, mchezo unaendelea. Bibi mwenye nyumba kuwaacha watoto kukazua mjadala wa zaidi ya karne. Yaya kumwacha wake hakukumshtua mtu.

Kwa hiyo naona jukwaa lilikuwa na nguvu ya kweli, ila kwa waliomudu kuketi mbele yake. Wenye mamlaka walilijua hilo. Polisi wa Berlin waliipiga marufuku Die Weber (Wafumaji), tamthilia ya Mjerumani Gerhart Hauptmann kuhusu wafumaji wa Silesia, jimbo la Prussia wakati huo, walioasi mwaka 1844. Mwaka 1893 mahakama iliruhusu ichezwe Deutsches Theater, ukumbi wa Berlin, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba tiketi za hapo ni ghali mno, wafanyakazi wachache tu wangeweza kuingia.