Temineta Iliyokwenda Kuvua

Ukitaka kuweka mfumo endeshi wa Unix kwenye kompyuta ya zamani, kabla hujahesabu pini hesabu kwanza watoto waliomo nyumbani. Mimi nilianza na pini.

Mashine yenyewe ni SPARCstation IPX ya Sun, ya mwaka 1991, prosesa ya megahezi 40, kisanduku cha kijivu mfano wa boflo mbili zilizolaliana. Niliitoa Chumbageni mpaka Ngamiani, hapahapa Tanga, juu ya keria ya baiskeli, imefungwa kwa mpira wa tyubu, na kila shimo la barabarani lilinifika moyoni kabla ya kufika kwenye tairi. Mama alipoiona akauliza kama inaoka. Nikamwambia haioki, nataka kuiwekea NetBSD, kitukuu cha Unix ile iliyozaliwa Bell Labs mwaka 1969. Akasema, "Kiweke mbali na mchele wangu."

Diski ya ndani ilishakufa, kwa hiyo nilipewa na boksi la pembeni: diski ya gigabaiti 2, pawasaplai yake yenyewe, na nyuma milango miwili ya pini 50. Mlango mmoja unapokea kebo kutoka kwenye kompyuta. Wa pili ama unapeleka kebo kwenye kifaa kinachofuata, ama, kama hakuna kinachofuata, unavalishwa temineta.

Hapo pa temineta nipaeleze vizuri, maana ndipo nilipoangukia. Diski hizi huunganishwa na kompyuta kwa njia iitwayo SCSI, mafundi tunasema skazi. Vifaa vyote vinatumia njia moja, kila kimoja na namba yake kuanzia 0 hadi 7. 7 huwa ya kompyuta yenyewe, na IPX ikiamka huitafuta diski yake kwenye namba 3. Ncha zote mbili za njia lazima zifungwe kwa temineta. Ukiacha ncha wazi, ishara ikifika mwisho hairidhiki, inageuka na kurudi ilikotoka, kama sauti ya mtu aliyepiga ukelele ndani ya mapango ya Amboni. Upande wa kompyuta umefungwa tangu kiwandani. Upande wa diski ni juu yako.

Temineta yangu ilikuwa kidude cha chuma, kizito kuliko umbo lake, chenye masikio mawili ubavuni. Jumamosi usiku kilikuwepo. Jumapili jioni hakikuwepo.

"Shikamoo Mjomba," mpwa wangu akaniamkia. Mtoto anayekuamkia mara ya tatu kwa siku moja ana jambo.

"Marahaba. Kile kidude cha hapa nyuma kiko wapi?"

"Lile chubwi?"

Nikakaa chini. Alikwenda nalo Raskazone kuvua na wenzake. Akanieleza kwa utaalamu kwamba lilikuwa na uzito mzuri, tena lina masikio ya kufungia mshipi, halitelezi kama jiwe. Bahati mbaya lilinasa mwambani na mshipi ukakatika.

"Na ulipata nini?"

"Tasi wawili. Bibi aliwakaanga mchana. Mmoja umekula wewe."

Basi temineta nimeila. Ikabidi nitengeneze nyingine, na si kazi ngumu ukiijua. Njia ya skazi ya biti 8 ina nyaya 18 za ishara: 8 za data, 1 ya pariti, yaani ya kukagua kama data imefika sawa, na 9 za kuongoza. Kila waya unahitaji rezista mbili. Ya ohmu 220 inatoka kwenye umeme wa temineta, ambao ni volti 5, na kuishia kwenye waya wa ishara. Ya ohmu 330 inatoka kwenye waya huohuo kwenda grandi, yaani upande wa volti sifuri. Jumla rezista 36, na waya ukiwa umetulia unakaa kwenye volti 3. Nilinunua 20 za kila aina kwa fundi redio, maana mbili lazima zidondoke na kupotelea kwenye mkeka. Plagi ya pini 50 nilimwomba huyohuyo. Alikuwa nayo iliyong'olewa kwenye mtambo wa simu za ofisini, umbo lilelile. Kwenye plagi hiyo safu ya kwanza, pini 1 hadi 25, karibu yote ni grandi, isipokuwa 13 ambayo usiiguse. Ishara ziko safu ya pili: 26 hadi 33 data, 34 pariti, 41, kisha 43 hadi 50. Umeme wa temineta uko pini ya 38. Niliweka nyaya mbili nene pembeni, mmoja wa kukusanya umeme na mmoja wa grandi, kisha nikaanza kuchoma lehemu.

Saa mbili usiku umeme ukakatika. Mtu mwenye akili angelala. Mimi nikawasha taa ya kuchaji, ile yenye mwanga wa njano iliyobakiza chaji ya kukata roho, nikaendelea.

Rezista ya 220 ina mistari nyekundu, nyekundu, kahawia. Ya 330 ina chungwa, chungwa, kahawia. Najua mtasema mtu wa Tanga anashindwaje kuitambua rangi ya chungwa na Muheza iko pale tu. Nami nitajitetea kwamba machungwa ya Muheza ni ya kijani.

Asubuhi nikaivalisha, nikaunganisha laptopu kwa kebo ya siriali, kasi 9600, na kwenye alama ya ok, pale mashine inapongoja amri, nikaandika probe-scsi. Diski ikajitokeza namba 3, na jina lake kamili. Nikapiga kofi mezani. Hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu probe-scsi inamwuliza diski jina tu, baiti chache. Hata njia mbovu hupitisha jina.

Kilichofuata kilinila siku nzima ingawa hakihusiani na diski. Chipu ya kumbukumbu ya mashine hizi, NVRAM, ina betri yake ndani, na yangu ilishaisha, kwa hiyo kila umeme ukikatika mashine inasahau hata anwani yake ya mtandao na kulalamika kuwa IDPROM, rekodi ya utambulisho wake, ni batili. Unaiandikia anwani upya kwa mkono, ukianza na 8 0 20 ya Sun. Baiti tatu za mwisho ni hiari yako, na kwa desturi ya watu wa mashine hizi huwa c0 ff ee, kahawa ya Kiingereza. Siku ile umeme ulikatika mara nne. Nilimimina kahawa kuliko mzee wa barazani. Kisha, kwa kuwa diski bado ni tupu, mashine inawashwa kwa mtandao kutoka kwenye laptopu, na faili la kuwashia lazima liitwe kwa namba ya IP ya mashine katika heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16: 192.168.1.10 inakuwa C0A8010A.SUN4C, herufi kubwa zote. Ukiandika ndogo, mashine inangoja tu bila kukwambia inangoja nini.

Hatimaye programu ya kusimika ikafunguka. Nikagawa diski, newfs, amri ya kuiandaa ipokee mafaili, ikapita kwa kusuasua, nikaanza kufungua base, fungu la mafaili ya msingi ya NetBSD. Likafika nusu, skrini ikajaa, sd0 likiwa ndilo jina la diski: sd0, SENSE KEY: Aborted Command, SCSI Parity Error. Nikarudia, likafia robo. Mara ya tatu likakaribia mwisho kabisa, kisha gzip, programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa, ikasema faili limeharibika.

Mimi katika mstari ule wote nilisoma neno moja: Error. Nikatoa hukumu kwamba diski imekufa. Na ili mpwa wangu ajifunze kitu, nikaifungua mbele yake. Bisibisi ya nyota T8, skrubu sita, moja chini ya stika, kifuniko kikatoka. Nikamwonyesha sahani zinavyong'aa, mkono unaobeba vichwa vya kusomea, sumaku mbili za kubana vidole. Nikamweleza kwamba ukishafungua hivi vumbi linaingia na diski haifai tena. Alinisikiliza kwa adabu sana. Bibi akachukua sumaku moja ya kubandikia sindano zake.

Nikarudi kwa fundi redio kutafuta diski nyingine. Akanipa ya gigabaiti 1, nikaifunga kwenye boksi, namba 3, jampa ya temineta ya ndani nikahakikisha imeachwa wazi kwa kuwa ninayo ya nje. Nikafungua base. Aborted Command. SCSI Parity Error.

Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi kwamba mgonjwa si diski. Nikafanya kile ambacho ningefanya siku ya kwanza kama ningekuwa namtengenezea mtu mwingine kwa malipo: nikaisoma diski yote bila kuandika chochote, kwa amri ya dd if=/dev/rsd0c of=/dev/null bs=64k conv=noerror, mara mbili, na kila mara nikaandika kwenye daftari namba za bloku zilizogoma. Diski mbovu ni kama jino bovu, maumivu hayahami. Bloku zilezile zitagoma kila mara, na ujumbe wake utakuwa Media Error. Zangu, duru ya kwanza ziligoma 7, duru ya pili 11, na hakuna hata moja iliyojirudia. Kosa linalotembea ni kosa la njiani: kebo, plagi, umeme au temineta. Na Parity Error yenyewe maana yake ni kwamba data ilitoka salama ikafika na biti iliyopinduka. Skrini ilinieleza tangu mwanzo, kwa maandishi.

Kebo nilipapasa pini moja moja, nikafuta kutu ya chumvi ya bahari kwa spiriti. Bado. Nikaivua temineta, nikaichukua chaja ya simu, ambayo nayo inatoa volti 5, nikalisha waya wa umeme na grandi, nikaweka mita kwenye pini ya 26.

Volti 2.0.

Pini ya 27, volti 2.0. Zote 18 hivyohivyo. Zilitakiwa ziwe 3.0. Nikaisogeza dirishani, kwenye jua la saa nne asubuhi, na pale machungwa yakaonekana kuwa machungwa. Rezista zote 36 nilizigeuza: 330 juu, 220 chini. Kwenye skazi waya ukizidi volti 2.0 unahesabiwa kimya, ukishuka chini ya 0.8 unahesabiwa umesema. Ncha ya kompyuta ilikuwa inavutia kwenye 3.0, yangu inashusha kwenye 2.0, njia ikakaa katikati, 2.5 au pungufu. Kelele kidogo ikipita, kimya kinatetereka kwenye mpaka. Kwa hiyo jina linapita, faili kubwa linakwama.

Nikabeba ubao, chuma cha lehemu na kifyonza lehemu mpaka kwa fundi redio kumwomba pa kukaa niung'oe wote. Viungio 72. Akaitazama ile kazi, akaigeuza chini juu, akanywa kahawa yake.

"Ndugu yangu, juu umeweka nini?"

"330, badala ya 220."

"Na chini?"

"220."

"Sasa unang'oa nini? Badili hizi nyaya mbili nene tu. Wa umeme upeleke grandi, wa grandi upeleke pini 38."

Ilichukua dakika tatu. Nikapima na chaja yake: 3.0, pini zote. Hakunidai pesa, ila alicheka mpaka mwuza kashata akaja kuuliza kuna nini, akasimuliwa, naye akacheka bila kujua rezista ni nini.

Nyumbani nikarudia dd, diski nzima, makosa sifuri. Base ikafunguka mpaka mwisho, etc ikafuata, kerneli ikafuata. Jioni mashine ikawaka yenyewe kutoka kwenye diski na kuniuliza jina la kuingilia, nami nikaandika root, jina la msimamizi, kwa vidole vinavyotetemeka. Diski ya gigabaiti 2 niliyoipasua, bila shaka, ilikuwa nzima kabisa.

Nilipokuwa naweka nywila nikasikia mlango.

"Shikamoo Mjomba."

Ilikuwa mara ya tatu siku ile. Mkononi alikuwa na sahani moja ya diski, ameshaipitisha mshipi kwenye tundu la katikati, inazungushazunguka na kumulika ukuta mzima.

"Wanasema kolekole anapenda kitu kinachong'aa," akasema. Macho yake yalikuwa nyuma ya boksi, kwenye temineta. "Sasa imebaki chubwi tu."