Vidude vya kaboni vya kupimia: tutengeneze wenyewe au tuendelee kununua?

Kuna ubishi unazunguka sana kwenye magrupu ya mainjinia na watu wa maabara hapa Dar, na ukiuchuja unabaki na pande mbili. Wa kwanza wanasema hivi vidude vidogo vya kaboni, vya kupimia sukari, vya kupimia sumu kwenye maji, mpaka vile vya kusikiliza ubongo, ni teknolojia ya bei rahisi na sisi kinywe (grafaiti, madini ya kaboni) tunacho Mahenge, Morogoro, tele, sasa stripu tunaagiza nje za nini? Wa pili wanasema acheni ndoto za mchana, nunueni vilivyokwisha kupimwa vikapita, mgonjwa sio mtu wa kujifunzia. Mi naona pande zote zina hoja ila zinagombania sehemu ambayo haina tatizo. Kaboni ndo kitu rahisi kuliko vyote humo ndani, hela na lawama zinakaa kwenye vitu vinavyoizunguka.

Chukua stripu ya sukari, maana hiyo kila mtu kashaiona. Iangalie kwenye mwanga. Ncha moja ina mdomo mwembamba unaofyonza damu, tone dogo kiasi kwamba stripu nyingi hazihitaji hata maikrolita moja, na ncha ya pili ina vistari vyeusi vinavyoingia kwenye mashine. Ule weusi kwenye stripu nyingi ni wino wa kaboni, yaani unga wa kinywe na masizi laini vimechanganywa na gundi, halafu vikapigwa skrini juu ya plastiki, njia ileile wanayoprintia fulana mtaani. (Zipo stripu zinazotumia dhahabu au paladiamu, tusidanganyane, ila za kaboni ndo zimejaa.) Juu ya kaboni kinapakwa kimeng'enya kinachoshika sukari, pamoja na kemikali ya kubeba elektroni kutoka kwenye kimeng'enya kuzileta kwenye kaboni, mashine inasoma mkondo wa umeme na baada ya kama sekunde 5 unapata namba. Wazo la kubandika kimeng'enya kwenye elektrodi, yaani kile kipande kinachopokea umeme wa kipimo, lilitoka kwa watafiti Clark na Lyons mwaka 1962, ile kemikali ya kubeba elektroni aina ya feroseni watu wa Uingereza wakaichapisha 1984, na 1987 mashine ikaingia sokoni. Kwahiyo hatuongelei maajabu ya jana.

Sasa hesabu ya kinywe. Tufanye stripu moja inakula miligramu 5 za kaboni, makadirio tu. Tani moja inatoa stripu milioni 200. Tani moja! Mgodi hauchimbwi kwa ajili ya stripu, na kweli wanaoenda Mahenge wanafuata soko la betri za magari ya umeme. Mtu akikwambia tuna kinywe kwahiyo tutatawala vihisi vya hospitali, muulize kimeng'enya anatoa wapi, mashine ya kupaka kimeng'enya kwa kipimo kilekile stripu elfu kwa elfu anayo, na nani atapima kila bachi kabla haijatoka kiwandani. Hapo ndo hela inapolala.

Ila upande wa kwanza wasichekwe, maana kaboni kweli ina sifa zake. Haishiki kutu, inavumilia volti ambazo metali nyingi zingeshaanza kuchemka kemikali zake, na ni rahisi kiasi kwamba unapima mara moja unatupa. Unyuzi wa kaboni wa kipenyo cha maikromita 7 hivi, mwembamba mara kumi kuliko unywele, unaingia kwenye ubongo wa panya na kusoma dopamini ikitoka papohapo, na watafiti wamekuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 1970. Hata mwilini inakaa. Kuna watu wanatembea hapa mjini na valvu za moyo zilizotengenezwa kwa kaboni ya kuokwa kwenye joto kali, ikiwemo ile ya vibawa viwili iliyoanza kuwekwa kwa wagonjwa 1977, na kwa nchi yenye ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi kama yetu hilo sio jambo la vitabuni. Lakini wenye valvu hizo hao hao wanakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yao yote, kwahiyo ukisikia mtu anasema kaboni mwili haiioni, jua kapunguza maneno.

Halafu kuna vile vidude vyenyewe vidogo hasa. Unachukua resini ya plastiki inayogandishwa kwa mwanga, unaichora vinguzo na vistari vya maikromita, kisha unaioka kwenye nyuzi 900 mpaka 1,000 bila hewa ya oksijeni. Ni tanuri la mkaa lilelile, kuni bila hewa haziwi jivu zinakuwa mkaa, ila hapa kuni ni plastiki na tanuri ni bomba linalopitishiwa naitrojeni. Kinachotoka ni kaboni ya kioo, ngumu na inapitisha umeme. Uzuri wake ni kwamba umbo unachora ukiwa bado na plastiki laini. Ubaya wake linasinyaa likiokwa, na halisinyai sawasawa kila upande, kwahiyo mchoro wako unatakiwa ujue mapema kitakachopungua. Sasa weka hiyo Dar: tanuri la masaa mengi, naitrojeni ya mitungi, chumba kisicho na vumbi, na umeme ukikatika katikati ya kuoka kazi yote inaenda na maji. Inawezekana ila sio "rahisi" ile watu wanayoitamka.

Kwa upande huo njia inayonishawishi mi ni nyingine kabisa. Mwaka 2014 maabara ya James Tour kule Rice University, Marekani, walionyesha kwamba ukipiga leza ya CO2 juu ya plastiki ya poliimidi, ile ya njano inayostahimili joto, inageuka kuwa grafini (kaboni ya tabaka nyembamba mno) yenye vitundu palepale kwenye hewa ya kawaida. Hakuna tanuri wala chumba kisicho na vumbi. Na leza za CO2 hapa mjini zipo, vijana wa mabango na trofi wanakatia akriliki kila siku! Mwanafunzi akiwa na faili la mchoro na kipande cha poliimidi anaweza kutoka na elektrodi kabla ya chakula cha mchana. Hii imeshusha kizingiti kweli kweli, na wale wa upande wa pili huwa wanairuka wakiongea.

Lakini sasa elektrodi sio kipimo, na hapa upande wa pili wana mizizi. Kuna mambo ambayo wino haukwambii. Mtu mwenye damu pungufu, stripu isiyosahihisha hilo inamsomea sukari juu kuliko ilivyo, maana seli nyekundu zikiwa chache sukari inafika kwenye kaboni kirahisi zaidi. Fikiria nchi yenye selimundu nyingi, malaria, na wajawazito wenye upungufu wa damu, afu mtu sukari imeshuka kweli ila mashine inasema yuko sawa. Au hii: 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba stripu za aina moja ya kimeng'enya zilikuwa zinahesabu na maltosi, sukari ya aina nyingine, kama sukari ya damu, wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa tumbo kwa maji ya aikodekstrini, ambayo mwilini hugeuka maltosi, wakasomeka wako juu, wakapigwa insulini, na ripoti walizokuwa nazo zilifika vifo 13. Hizo ni kampuni kubwa zenye maabara kamili. Mtu mwenye leza na nia njema angeligunduaje hilo?

Na hata kipimo kilichopita bado kina nafasi ya kukosea. Kiwango cha kimataifa cha 2013 kinataka asilimia 95 ya majibu yawe ndani ya asilimia 15 ya kipimo cha maabara kwa sukari ya kuanzia milimoli 5.6 kwa lita kwenda juu. Maana yake sukari ya 10 inaweza kusomeka 8.5 au 11.5 na mashine imefaulu. Watu hawaambiwi hivi, wanabishana na daktari kwa sababu ya tofauti ya 0.7.

Tukiwa haki, hata hilo neno "nunueni" lina shimo lake. Stripu ya kampuni hii haiingii mashine ya kampuni ile, ukipewa mashine ya msaada afu stripu zake zikapotea madukani umebaki na pambo la mezani. Nyingi zimeandikwa zikae chini ya nyuzi 30 na kikopo kifungwe muda wote, maana kimeng'enya kinachukia joto na unyevu. Sasa njoo Dar mwezi wa pili, duka dogo la dawa halina feni, kikopo kinafunguliwa tangu asubuhi anapimwa huyu anapimwa yule, mfuniko uko pembeni. Kipimo kilichofaulu Ulaya kimeshakuwa kitu kingine. Kama kuna pesa ya haraka ya kuokoa wagonjwa wa sukari mjini hapa mi ningeanza na hapo, uhifadhi na usambazaji, kabla ya kiwanda chochote.

Nanotyubu, vile vibomba vya kaboni vidogo mno visivyoonekana kwa macho, nitazigusa kidogo tu. Zinasifiwa sana, ila shirika la utafiti wa saratani la dunia limeiweka aina moja ya nanotyubu zenye kuta nyingi kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, na 2008 majaribio ya panya yalionyesha zile ndefu ngumu zinaudhi mwili kama asbesto. Zikiwa zimefungwa kwenye wino sina shida nazo sana, shida yangu ni kijana anayezichanganya zikiwa unga bila barakoa kwenye chumba kisicho na hewa.

Kwahiyo mi nasimama wapi? Tutengeneze, lakini tusianzie kwenye damu. Tuanzie kwenye maji na udongo, sehemu ambayo kipimo kikikosea unarudia, huziki mtu. Na kazi ipo tena nyingi. Mto Msimbazi unapita Vingunguti mpaka Jangwani, pembeni watu wanalima mchicha unaokuja sokoni, na watafiti wamepima madini mazito kwenye ile mboga miaka na miaka kwa mashine kubwa za maabara zinazosubiri sampuli zipelekwe. Elektrodi ya kaboni iliyopakwa metali ya bismuthi, njia iliyotangazwa na mtafiti Joseph Wang na wenzake mwaka 2000, inakusanya madini ya risasi juu yake kwa dakika chache kisha inaitoa kwa volti na kusoma kiasi, na inaweza kushuka chini ya maikrogramu 10 kwa lita, ambayo ndo kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Bismuthi tena haina sumu kama zebaki iliyokuwa inatumika zamani.

Watu wa ubongo na vipandikizi watakasirika, wataona nimewapa kazi ya mtoni wakati wao wanataka Muhimbili. Sawa. Ila TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, siku watakapokaa na faili la kihisi cha damu kilichotengenezwa hapa wataomba rekodi, elektrodi bachi kwa bachi zinatofautiana kiasi gani, zinakaa miezi mingapi kwenye joto letu, nani alizilinganisha na maabara. Timu ambayo imechukua chupa moja ya maji ya Msimbazi ikaigawa mara mbili, nusu kwenye elektrodi yake na nusu maabara, masika na kiangazi, ikaandika na pale ilipokosea, itakuwa na kitu cha kuweka mezani. Aliyeanza na damu atakuwa na picha nzuri za maikroskopu.