Ethiopia inapanda, majirani wanasaka walinzi

Tarehe 1 Januari 2024, Waziri Mkuu Abiy Ahmed na Muse Bihi Abdi, kiongozi wa wakati huo wa Somaliland, eneo lililojitangaza kuwa limejitenga na Somalia, walitia saini hati ya maelewano mjini Addis Ababa. Ethiopia ipate ukanda wa pwani wa kilomita 20 hivi kwa miaka 50, iweke huko jeshi lake la majini (ndiyo, nchi isiyo na pwani imefufua jeshi la majini). Somaliland nayo, kwa maelezo ya viongozi wake, itambuliwe kuwa dola kamili. Hati yenyewe haikuwekwa hadharani. Serikali ya Somalia mjini Mogadishu haikusubiri kuisoma: iliitangaza batili na kumwita balozi wake arudi nyumbani.

Simlaumu Mwethiopia kuitaka bahari. Watu zaidi ya milioni 120, na karibu biashara yao yote ya nje inapita mlango mmoja wa Djibouti. Eritrea ilipojitenga mwaka 1993 iliondoka na bandari za Assab na Massawa. Hakuna serikali ya Addis Ababa itakayolisahau hilo, iwe ya Abiy au ya mwingine yeyote. Ninacholaumu ni namna ya kudai. Mwezi Oktoba 2023 Abiy alikwenda kwenye televisheni akalieleza suala la Bahari ya Sham kama la kufa na kupona. Ukiwa Asmara, mji mkuu wa Eritrea, unasikia nini hapo? Unasikia jeshi linapasha viungo. Na majeshi ya nchi hizi mbili ndiyo yaliyopigana bega kwa bega Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, hadi mwaka 2022!

Majirani wakafanya hesabu zao. Februari 2024 Somalia ilifunga mkataba wa ulinzi na Uturuki, uliohusu hata ulinzi wa bahari yake. Agosti ikatia saini mwingine na Misri, na kabla mwezi haujaisha ndege za kijeshi za Misri zilikuwa zimetua Mogadishu na silaha. Oktoba, marais wa Misri, Somalia na Eritrea wakakutana Asmara. Tamko lao halikuitaja Ethiopia kwa jina, lakini nani hakuelewa?

Tumezoea kusema tembo wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi zimejifunza kutoza ushuru. Djibouti, ambayo tayari inapokea kodi ya kambi za Marekani, China na Ufaransa, iliipa Ethiopia fursa ya bandari ya Tadjoura ili mteja wake mkubwa asihamie Berbera, bandari ya Somaliland. Hiyo ndiyo akili niliyoipenda kuliko zote katika sakata hili: jirani anayekua umetafuta njia ya kumuuzia, badala ya kwenda mbali kumtafutia adui.

Kwa upande wa mto Nile mambo yalianza zamani zaidi, na sisi tumo. Mwalimu Nyerere alikataa tangu mwaka 1962 kwamba Tanganyika ifungwe na mkataba wa 1929 ambao Mwingereza aliipa Misri kauli juu ya maji ya wenzake. Msimamo ule ulibaki makaratasini mpaka Ethiopia ilipopata ubavu wa kumwaga zege. Bwawa Kuu la Renaissance lilianza kujengwa mwaka 2011, likazinduliwa Septemba 2025 likiwa na uwezo wa megawati 5,150. Katikati ya hapo, Oktoba 2024, mkataba wa ushirikiano wa nchi za bonde la Nile ukaanza kufanya kazi, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zikiwemo. Misri na Sudan zilikuwa zimeukataa.

Cairo haikukaa kulia. Mwaka 2021 pekee ilitia saini makubaliano ya kijeshi au ya kijasusi na Uganda, Burundi na Kenya. Na bwawa letu la Rufiji, lenye jina la Nyerere yuleyule, limejengwa na kampuni za Misri. Sioni usaliti hapo. Tanzania iliridhia mkataba wa Nile na bwawa ikapata.

Ila kukodi mlinzi kutoka mbali kuna gharama, na Somalia ndiyo inayoilipa. Mgogoro kati yake na Ethiopia ulitulizwa Ankara, tarehe 11 Desemba 2024, mbele ya Rais Erdoğan. Somalia ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi mwaka huohuo. Jumuiya ilikuwa wapi? Kenya ilijaribu kupendekeza mkataba wa kikanda wa matumizi ya bandari, haukufika popote.

Na Ethiopia yenyewe inapanda huku inachechemea. Siku chache kabla ya kutia saini ile hati, Ethiopia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 33 ya hatifungani yake, na katika jimbo lake la Amhara kulikuwa na mapigano. Nchi ya namna hiyo huweza kuzungumziwa bei, mradi anayezungumza nayo awe jirani na si mwenye manowari.

Nairobi ina mkataba wa ulinzi na Addis Ababa tangu miaka ya 1960, inanunua umeme wake, na ina makubaliano na Cairo. Mkataba wa Nile iliutia saini mwaka 2010 lakini haikuuridhia, kwa hiyo hata Misri haina sababu ya kuikwepa. Inasubiri Assab iwake ndipo iite kikao?