Picha ya mrija wa nyongo: nani apigwe akiwa mezani?

Katika upasuaji wa matundu wa kutoa mfuko wa nyongo, ubishi mmoja hauishi: kila mgonjwa apigwe eksirei ya mirija akiwa mezani, au ni wale tu wanaoshukiwa kuwa na jiwe kwenye mrija mkuu, ule unaopeleka nyongo utumboni?

Wanaotaka wote wapigwe wanahofia mrija mkuu kukatwa kwa kudhaniwa ni ule mwembamba wa mfuko. Hutokea kwa wagonjwa kama 3 hadi 5 kati ya 1,000, na kuurekebisha ni kazi nzito. Hoja yao ina ufa, maana huwezi kupiga picha bila kwanza kuukata mrija kidogo. Ukiwa umekosea mrija, umeshautoboa ule mkuu. Nafuu ni kwamba tundu hushoneka. Kipande kikishaondolewa ni balaa. Kinga ya kwanza inabaki ileile: safisha mafuta hadi uone vitu viwili tu vinavyoingia kwenye mfuko, mrija na mshipa.

Kazi yenyewe: klipu upande wa mfuko, mkato mdogo, katheta (mpira mwembamba), kisha mililita 5 hadi 10 za kontrasti, dawa inayoonekana kwenye eksirei, iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji ya chumvi, polepole. Msumbufu mkubwa ni hewa, kwa sababu kiputo hufanana na jiwe. Toa hewa yote kwenye katheta mapema; ukitilia shaka, inua kichwa cha meza, kiputo kitapanda. Kontrasti isiposhuka utumboni usikimbilie kusema ni jiwe: mofini, dawa ya maumivu, hubana mlango wa mrija, na miligramu 1 ya homoni ya glukagoni huulegeza. Matawi yote mawili ya ini yasipoonekana, picha haijakamilika.

Wapinzani wanataja dakika 15 za ziada na mashine inayogombaniwa na watu wa mifupa. Tena, ukiona jiwe la milimita 3, utafanya nini pasipo mtaalamu wa kulitoa? Mengi ya ukubwa huo hushuka yenyewe.

Kanda ya Ziwa ya Tanzania, hata hivyo, ina wagonjwa wengi wa seli mundu, ugonjwa wa damu unaoleta mawe ya nyongo. Kijana mwenye ugonjwa huo anayehudhuria kliniki hospitali ya Bugando, Mwanza, huenda macho yake ni ya manjano mwaka mzima kwa chembe nyekundu za damu kuvunjika, kwa hiyo manjano hayamtofautishi mwenye jiwe kwenye mrija. Kipimo cha bilirubini (rangi hiyo ya manjano) iliyokwisha kuchakatwa na ini husaidia zaidi, pamoja na mrija kuzidi milimita 6 kwenye altrasaundi. Kwa wengine chagua. Kwa huyu, katheta iwe tayari mezani kabla ya kumlaza.