Serikali Inanunua Mahudhurio

Ankara ya mafunzo ya watumishi wa umma kwa kawaida huambatanishwa na karatasi za aina tatu: orodha ya mahudhurio yenye saini za asubuhi na mchana, ripoti ya mwezeshaji, na muhtasari wa fomu za maoni zilizojazwa dakika kumi kabla ya watu kuagana. Saini zikitimia, malipo hupitishwa. Katika mlolongo huo wote hakuna aliyeuliza kama mtunza kumbukumbu aliyehudhuria sasa analipata jalada upesi kuliko mwezi uliopita.

Simlaumu mhasibu, wala mtoa huduma, kwa kuwa wote wawili wametimiza walichoandikiwa. Kosa lilifanyika mapema, kwenye hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayoagizwa, pale taasisi ilipoeleza kuwa inahitaji mafunzo ya siku tano kwa watumishi 40 bila kutaja ni kazi gani inayowashinda watumishi hao. Aliyeagiza siku tano akiletewa siku tano, hana dai.

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kuchapisha makala zilizoipanga tathmini ya mafunzo katika ngazi nne: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, utendaji wao kazini umebadilikaje, na taasisi imepata matokeo gani. Mikataba mingi niliyoisoma huishia ngazi ya kwanza. Fomu moja ninayoikumbuka ilikuwa na maswali manane, na matatu kati yake yalihusu ukumbi, viti na vipaza sauti. (Viti vilipata alama za juu.)

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuacha kumchagua mzabuni wa bei ya chini. Hilo ni kweli kwa kiasi fulani, na Sheria ya Mfano ya Ununuzi wa Umma iliyotolewa mwaka 2011 na UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa, inao utaratibu ambao bahasha za bei hazifunguliwi mpaka tathmini ya kiufundi ikamilike. Hata hivyo, alama za kiufundi hutolewa kwa kusoma wasifu, na wasifu haufundishi. Niliwahi kuketi kwenye kamati iliyompa mzabuni alama nyingi kwa sababu ya mkufunzi mwenye uzoefu wa miaka 20. Siku ya kwanza ya mafunzo alisimama mbele kijana mpole aliyesoma slaidi neno kwa neno, na mkataba wetu haukuwa na kifungu cha kumzuia mzabuni kubadilisha mkufunzi bila idhini yetu.

Kwa huduma nyingine za rasilimali watu, swali la kwanza ni kama kazi yenyewe inafaa kutolewa nje. Marekani, nchi inayotumia wakandarasi kwa wingi, ilitoa mwaka 2011 waraka wa sera unaoorodhesha majukumu yasiyoweza kukabidhiwa mkandarasi, na uteuzi wa watu wa kuajiriwa serikalini umo. Naiona mipaka hiyo kuwa ya haki: kampuni inaweza kupokea maombi na kuyapanga, lakini anayeamua nani aajiriwe sharti awe mtu anayeweza kuwajibishwa na umma. Kumbukumbu za watumishi nazo zinataka uangalifu uleule. Katika udukuzi wa idara ya utumishi ya nchi hiyo uliofichuliwa mwaka 2015, ambao uligusa taarifa za watu milioni 21.5 waliohusika na upekuzi wa kiusalama, wadukuzi walitumia utambulisho wa kuingilia mfumo uliokuwa umeibwa kwa mkandarasi.

Nikirudi kwenye mafunzo, ningependa sehemu ya malipo, tuseme robo, izuiliwe kwa miezi mitatu hadi utendaji kazini upimwe. Watoa huduma hupinga kwamba hawawezi kubeba dhambi za msimamizi anayemrudisha mtumishi kwenye utaratibu wa zamani siku ileile anaporipoti kazini, na hoja hiyo ina uzito. Kwa hiyo mkataba umfunge mteja pia: kabla zabuni haijatangazwa, amtaje msimamizi atakayehusika, kazi itakayopimwa, na kiwango cha sasa cha kazi hiyo. Taasisi isiyoweza kujaza nafasi hizo tatu irudishiwe ombi lake la ununuzi.